Ngitili: miti iliyorudi Shinyanga

Bi harusi wa huku visiwani akiulizwa mahari hutaja fedha, dhahabu, pengine kitanda na Msahafu. Kwa Wasukuma wa bara, kwa desturi mahari ni ng'ombe, na ng'ombe hao hupelekwa kwa wazazi wa binti, hawaingii mkononi mwake kama sheria yetu inavyotaka. Hilo leo tuliache. Tunachotaka kusimulia ni kwamba ng'ombe wa mahari naye lazima ale mwezi wa tisa, wakati nyasi zote zimekauka, na ndiyo maana wazee wa Shinyanga walikuwa na ngitili.

Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza. Mifugo haiingii mpaka kiangazi kikali. Nyasi hukua, na miti iliyokatwa zamani, ambayo mizizi yake ingali hai ardhini, huchipua tena.

Desturi hiyo ilikaribia kufa. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilihimiza kufyeka misitu ili kuwaondoa mbung'o, wanaoleta ugonjwa wa malale. Mashamba ya pamba nayo yakaongezeka, mifugo ikawa mingi. Kisha miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi walihamishwa wakaacha ngitili zao nyuma, na zilizobaki zikakosa mwenyewe. Kuni zikawa mbali. Palipokosekana kuni, wanawake walipikia samadi kavu, ile ile ambayo ingerutubisha shamba. Mwalimu Nyerere alipouona mkoa ule miaka ya mwanzo ya 1980, aliuita jangwa.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa serikali ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni waliotesha miche kwenye vitalu, mingine ya miti ya kigeni, wakaigawa vijijini. Kilichoubadilisha mkoa hasa ni pale walipowasikiliza wazee: fungeni eneo, lipumzisheni, miti ya asili itarudi yenyewe, halafu pandeni palipobaki wazi. Migunga ikarudi. Sheria zilitoka kwa wanakijiji wenyewe, katika mkutano wao wa jadi uitwao dagashida, na walinzi wao wa sungusungu wakamtoza faini aliyeingiza mifugo kabla ya wakati.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana hazikuzidi hekta 600 hivi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilipita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. HASHI ikatambuliwa katika Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Kwetu sisi tarakimu nzito kuliko hizo ni saa: watafiti waliwakuta wanawake ambao safari yao ya kuni ilipungua kwa saa 2 hadi 6 kwa siku. Ukizipata saa hizo unalala, unanyonyesha, unasuka nywele za mwanao.

Waislamu tuna neno letu kwa jambo hili: hima, malisho yanayotengwa na kulindwa. Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka Hunayy kuwa mlinzi wa hima alimwonya aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, awe mwangalifu na mifugo ya matajiri kama Ibn Auf na Ibn Affan. Hao, wanyama wao wakifa, wana mitende na mashamba ya kurejea. Maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kulia mlangoni kwa Khalifa.

Tunalitaja hili kwa sababu ndilo swali lililobaki Shinyanga. Ngitili nyingi ni za mtu binafsi, na mwenye ardhi kubwa ndiye mwenye ngitili kubwa. Mara nyingi mwenyewe ni mwanamume. Mjane asiye na eneo lake huokota kuni kwa hisani ya jirani, na hisani si haki.

Ushetu, iliyokuwa sehemu ya Kahama na baadaye ikapata halmashauri yake, jambo hili linaonekana wazi. Huko wanalima tumbaku, na jani la tumbaku hukaushwa kwa moto ndani ya bani, siku baada ya siku, kwa magogo. Mkaa nao una soko, kwa kuwa Kahama imekua mji mkubwa wa biashara na dhahabu. Mti uliochukua miaka ishirini kurudi huuzwa asubuhi moja. Anayeuuza mara nyingi ni mwenye eneo, na anayerudi kutembea saa zile sita ni mkewe, au yule jirani mjane.