Mwili wa Maskini Jukwaani: Historia Nyuma ya Kicheko cha Harry Crews

Tulipoijadili riwaya ya Body katika semina yetu, darasa zima lilicheka. Mwenzetu mmoja akahitimisha kwamba hiki ni kitabu cha vioja tu, dhamira hakina. Mimi nami nilicheka, siwezi kukana. Lakini usiku ule bwenini nikajiuliza: hivi tulikuwa tunamcheka nani? Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba kicheko cha riwaya hii kina historia, na kwamba anayeicheka bila kuijua historia hiyo anamcheka maskini kwa kuwa maskini.

Kwanza kisa chenyewe. Riwaya ilitoka mwaka 1990. Mhusika mkuu ni msichana mzungu wa Waycross, jimbo la Georgia, Kusini mwa Marekani. Kwao anaitwa Dorothy Turnipseed, jina la ukoo lenye maana ya mbegu ya mboga fulani ya mizizi. Yaani jina la shambani hasa! Mkufunzi wake, Russell Morgan, anamvua jina hilo na kumpachika jingine linalonukia Ufaransa na pesa: Shereel Dupont. Anampeleka Miami kushindania taji la Ms. Cosmos katika kutunisha misuli. Ukoo mzima unamfuata hotelini, pamoja na mchumba wake, Nail Head, mwanajeshi aliyerudi kutoka vita vya Vietnam akiwa amevurugika. Hapo ndipo vituko vinapoanza.

Sasa tumtazame msanii mwenyewe. Harry Crews alizaliwa mwaka 1935 katika Bacon County, Georgia, wilaya ya wakulima hohehahe. Kusini kote wakati huo, familia nyingi, za weusi na za wazungu, zililima ardhi isiyo yao, zikagawana mavuno na mwenye shamba na kubaki na deni dukani. Umaskini huo ulijiandika mwilini. Safura ilikuwa imeenea kiasi kwamba mwaka 1909 tajiri Rockefeller alitoa fedha za kuanzisha tume ya kupambana nayo. Mwaka 1914 serikali ilimtuma daktari Joseph Goldberger kuchunguza pelagra, naye akagundua kwamba chanzo si vijidudu bali mlo: unga wa mahindi, molasi na mafuta ya nguruwe, basi.

Crews mwenyewe hakusalimika. Utotoni miguu yake ilipooza ikajikunja, na baada ya kupona akaangukia pipa la maji ya moto yaliyoandaliwa kwa kunyonyolea nguruwe. Katika kumbukumbu zake, A Childhood, za mwaka 1978, anasimulia jinsi alivyolikodolea macho katalogi la duka la Sears, Roebuck. Watu wa mle ndani walikuwa wazima wote. Watu aliowajua yeye, karibu kila mmoja alikuwa na pengo: huyu hana kidole, yule hana jicho, mwingine ana kovu. Kwa maoni yangu, Body ilianzia hapo. Shereel ni binti wa watu wenye mapengo aliyeamua kuingia ndani ya katalogi.

Na mwili huo mzima anaumiliki nani? Hapa ndipo ninapopishana na wenzangu wa semina. Russell anaupima, anaunyima chakula, anauamrisha, kisha anausimamisha mbele ya waamuzi ili waupange daraja. Jamani, huku si ndiko kulima shamba la mwingine? Jasho ni la Shereel, bei anapanga mwenye mizani. Anaposhindwa na kuwa wa pili, anajiua. Wapo wanaosema mwisho huu umelazimishwa. Mimi nasema hapana. Jina la zamani limeshavuliwa, jina jipya limekataliwa sokoni. Arudi Waycross akiwa nani?

Waamuzi hao nao hawakubuniwa kutoka hewani. Ms. Olympia, shindano kubwa la wanawake watunisha misuli, lilianza mwaka 1980, na Rachel McLish akashinda. Mwaka 1983 huko Las Vegas, Bev Francis wa Australia alipanda jukwaani akiwa na misuli kuwapita wote. Akapewa nafasi ya nane. Filamu iliyotoka mwaka 1985, Pumping Iron II: The Women, inawaonyesha waamuzi wakibishana mwanamke anaruhusiwa kuwa na misuli kiasi gani. Mchezo uliomwambia mwanamke ajenge nguvu ndio huo huo uliomwadhibu kwa kuwa nazo. Ms. Olympia yenyewe ilisimamishwa baada ya mwaka 2014, ikarejeshwa mwaka 2020.

Kasoro ipo, na nisiifiche. Anayemshinda Shereel ni Marvella Washington, mwanamke mweusi mwenye mwili mkubwa zaidi. Historia inamuunga mkono: Carla Dunlap, mweusi, alitwaa Ms. Olympia mwaka 1983, na Lenda Murray akaanza kutawala mwaka huo huo wa 1990. Lakini Crews anamwona Marvella zaidi kama kizingiti cha Shereel kuliko kama mtu mwenye kiu yake mwenyewe. Kwa mwandishi wa Kusini, ambako miili ya weusi iliuzwa mnadani na kupangiwa bei, ukimya huu ni mzito.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Katikati ya vituko vyote, Crews ameweka penzi moja lenye furaha. Billy Bat, mtunisha misuli mashuhuri, anamwangukia Earline, dada mnene wa Shereel. Darasani tulicheka hapa kuliko mahali pengine popote. Nimeisoma sehemu hiyo tena, na sasa naona kwamba Earline ndiye pekee katika ukoo ule ambaye mwili wake haujapelekwa kwa mwamuzi yeyote. Anapendwa alivyo. Tulimcheka yeye, kumbe ndiye aliyekuwa huru.