Miti ya Eldoret na Riziki ya Ndege

Historia ya mji aghalabu huandikwa kwa majina ya watu na tarehe za mambo makuu. Lakini historia ya Eldoret yaweza kusomwa pia katika miti yake.

Hapo kale uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa mbuga ya nyasi, malisho ya ng'ombe wa Wamaasai na baadaye wa Wanandi. Miti ilisimama zaidi katika mabonde ya mito, kama Sosiani, na katika misitu ya pembezoni. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini waliupanda uwanda huo kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, na mwaka 1910 posta ikafunguliwa katika shamba nambari 64. Walowezi walitaka kuni na nguzo. Basi ikapandwa mikaratusi, na baadaye miwati, miti ambayo asili yake ni Australia. Magome ya miwati yalitoa dawa ya kutengenezea ngozi, nayo ikakamuliwa kiwandani papo hapo Eldoret.

Miti hiyo iliwafaa watu. Je, ndege? Maua ya mkaratusi humpa chozi utamu wake, lakini matunda yake ni vikombe vikavu, na ya muwati ni maganda makavu. Ninga na kwezi, walao matunda laini, hupita bila kutua. Mkono mtupu haulambwi.

Huko Uingereza watu hupanda vichaka vya matunda mekundu ili ndege wasife njaa wakati wa theluji. Kwetu theluji haianguki, ijapokuwa Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na baridi ya Julai si haba. Adui wa ndege wetu si baridi, bali ni ukosefu wa miti izaayo.

Dawa yake tunayo. Wanandi waliuheshimu simotwet, mti wa jamii ya mkuyu. Miti ya jamii hiyo haiivishi kwa pamoja. Mmoja umalizapo, mwingine huanza, hata chakula kisikosekane mwaka mzima. Ndege naye hulipa deni lake kwa kuzitawanya mbegu. Upandwe mbali na nyumba, kwa maana mizizi yake ina nguvu. Penye nafasi ndogo, ua wa kayaba hulinda boma na kuzaa matunda.

Waliotutangulia walipanda kwa hesabu ya kuni, nguzo na ngozi. Ninyi mtakaopanda kesho, mtieni ndege naye katika hesabu yenu.