Kasha la Aya ya 400

Mwaka 2011, wakati wa mgao wa umeme, dada yangu alirudi kutoka soko la Sabasaba hapa Dodoma na kitabu cha mtumba kisicho na jalada: The Warlock of Firetop Mountain. Ndani yake msomaji ndiye mhusika. Ukifika njia panda ya kwanza unaamua: magharibi, nenda aya ya 71, mashariki, aya ya 278. Ukikutana na zimwi unarusha dadu mbili, na nguvu zako unaziandika kwa penseli ili uzipunguze ukijeruhiwa. Dadu tuliazima za ludo kwa jirani.

Tatizo lilikuwa Kiingereza. Tangu 1967 shule za msingi za umma zinafundisha kwa Kiswahili, na mimi nilikuwa darasa la tano. Dada alikuwa kidato cha tatu. Basi yeye alisoma kwa mwanga wa kibatari, akanisimulia, kisha akauliza: "Haya, mdogo wangu, unakwenda wapi?"

Swali hilo lilinirudia nilipoanza kufuatilia historia ya vitabu hivi kwa ajili ya shahada ya uzamili. Edward Packard, mwanasheria wa Marekani, alikuwa akiwasimulia binti zake hadithi za kulalia. Usiku mmoja mawazo yakamwishia, akawauliza wao mhusika afanye nini, na kila mmoja akajibu lake. Kutokana na hapo akaandika Sugarcane Island, kilichotoka 1976. Mwaka 1979 Bantam wakaanzisha mfululizo wa Choose Your Own Adventure. Huko Uingereza Steve Jackson na Ian Livingstone waliongeza dadu na mapigano, na mwaka 1982 Puffin wakatoa hiki cha kwetu. Watu huviita ndugu wa michezo ya kompyuta. Sawa, lakini mimi naona ni ndugu wa hadithi za jioni zaidi. Vilitoka mdomoni mwa mzazi, na kwenye mkeka wetu vikarudi mdomoni.

Likizo iliyopita nilikikuta kitabu sandukuni, nikakisoma mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nilikufa mara nne kabla ya chakula cha mchana. Utotoni sikuwahi kufa! Nilizimia tu, nikaokotwa na mchungaji wa Kigogo aliyepita pangoni na mbuzi wake. (Sikujiuliza Mgogo alifikaje huko.)

Karatasi za mwisho hazimo. Aya ya 400, ya ushindi, haimo. Lakini nakumbuka vizuri tulivyomaliza: funguo zilikubali, kasha likafunguka, na ndani mlikuwa na tiketi mbili za basi la Dar es Salaam. Mama alikuwa amelazwa huko tangu mwezi wa tatu.

Nilimpigia dada. Akacheka, akasema karatasi hizo hazikuwemo tangu siku aliyokinunua. Nikamuuliza kwa nini hakuniacha nife hata mara moja.

"We si ulikuwa unaniuliza kila usiku kama mtu akilazwa huwa anarudi?"