Orodha ya Wafu na Ukweli wa Walio Hai

Kwetu Buhaya mgeni akifika nyumbani huulizwa mapema ni wa ukoo gani. Akiutaja, pamoja na omuziro wake, yaani kile ambacho ukoo huo haukili, mwenyeji hujua kama amempokea ndugu, mkwe au mtu baki. Wazee waliweza kuhesabu majina ya baba na babu kwa vizazi vingi, na makaburi yao yalikuwa papo hapo kibanjani, chini ya migomba. Basi nilipoanza kusoma habari za Wamormoni, sikustaajabu kuona dini inayoshughulika sana na majina ya marehemu. Lililonistaajabisha ni jinsi majina hayo yalivyokuja kuwashuhudia wenyewe.

Jina kamili la dini hiyo ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Joseph Smith alilianzisha mwaka 1830 katika jimbo la New York, Marekani. Baada ya kufukuzwa huku na kule, waumini walianza kuhamia bonde la Salt Lake, Utah, mwaka 1847. Mwaka 1840 Smith alianza kufundisha kwamba aliye hai aweza kubatizwa kwa niaba ya ndugu aliyekufa bila kuipata Injili. Lakini hawezi kubatiziwa mtu asiyejulikana. Sharti jina lipatikane. Ndiyo sababu mwaka 1894 waliunda chama cha kukusanya nasaba, na baadaye wakachimba ghala ndani ya mlima wa mawe huko Utah ili kuhifadhi picha za daftari za ubatizo, ndoa na vifo kutoka nchi nyingi. Kwetu Afrika Mashariki, Kitabu cha Mormoni kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2000, na hekalu lao la Nairobi likawekwa wakfu mwaka 2025.

Mimi si wa kanisa hilo, wala fundisho hilo silikubali. Hata hivyo, swali wanalojaribu kulijibu ni letu pia. Mapadre Weupe walifika Kashozi mwaka 1892, na wamisionari wa Bethel wakaja Bukoba mwaka 1910. Kila aliyebatizwa wakati huo aliwaacha nyuma babu na bibi waliokufa bila ubatizo, na bado aliendelea kulima shamba lililokuwa na makaburi yao. Askofu Josiah Kibira, aliyeliongoza Kanisa la Kilutheri katika eneo letu tangu mwaka 1964, alilichukua jambo la ukoo na Kanisa kuwa kazi ya kitaaluma, akalitolea kitabu huko Lund, Sweden, mwaka 1974. Hakuona kwamba usomi ni adui wa imani, na miaka mitatu baadaye Walutheri wa dunia nzima walimchagua kuwa Rais wao.

Sasa turudi kwa Wamormoni. Mwaka 1852 Brigham Young, aliyemrithi Smith, alitangaza kwamba wanaume wenye asili ya Afrika hawawezi kupewa ukuhani. Katazo hilo lilidumu zaidi ya miaka mia moja, na wengi waliamini kwamba lilikuwapo tangu mwanzo. Kumbe katika kumbukumbu zao wenyewe alikuwamo Elijah Abel, mtu mweusi aliyepewa ukuhani mwaka 1836, Smith akiwa hai. Mwaka 1973 Lester Bush, daktari na muumini wa kanisa hilo hilo, alichapisha makala ndefu kuonyesha kwamba hakuna ushahidi wa katazo hilo kuanzia kwa mwanzilishi. Sitasema makala hiyo ndiyo iliyoleta mabadiliko. Nasema tu kwamba mwaka 1978 Rais Spencer Kimball aliondoa katazo, na mwaka 2013 kanisa lilizikana kwa maandishi hoja zote zilizotumiwa zamani kulitetea. Watu waliohifadhi mamilioni ya majina walikuwa wamelisahau moja, na hilo moja lilikuwa na uzito.

Msomaji asifikiri kwamba nimekwenda Utah kutafuta kibanzi nikaiacha boriti nyumbani. Sikiliza mzee wa Kihaya anapohesabu ukoo: fulani mwana wa fulani, mwana wa fulani. Mama hayumo. Dada hayumo. Jambo hili si la maneno matupu. Kwa mila zetu, kama zilivyoandikwa katika sheria, mwanamke aliweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini hakuruhusiwa kuliuza. Mwanamke mmoja wa Kihaya aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza, na mtoto wa ndugu yake akamshtaki. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki zilizomo katika Katiba yetu; mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Asiyetajwa katika orodha hunyang'anywa hata shambani.

Wapo wanaoogopa kwamba historia ikichunguzwa sana, imani itapoa na mila zitavunjika. Mimi naona kinyume chake. Kanisa la Wamormoni halikufa lilipokiri habari za Elijah Abel; ni baada ya mwaka 1978 ndipo lilipoenea Afrika. Ukoo nao hautakufa kwa kumtaja mama.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa Buhembe na kwingineko: chukueni daftari, kaeni na wazee wangali hai, mwandike majina. Muwaulize pia bibi alizaliwa wapi, ni binti wa nani, wa ukoo gani, na kaburi lake liko upande gani wa kibanja. Kama mzee hajui, acheni nafasi wazi katika ukurasa, ili atakayekuja aone kwamba hapo palikuwa na mtu.