Sevilla na Ukuta Usioonekana

Basi la watalii la Sevilla, lile la ghorofa lisilo na paa juu, hupakia abiria kando ya mto Guadalquivir, karibu na Torre del Oro, likauzunguka mji na kurudi palepale. Katikati haliingii, kwa kuwa vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba mno. Hata hivyo njia yake ina historia. Sehemu kubwa ya barabara ya mzunguko imepita palipokuwa na ukuta wa mji, ukuta wa karibu kilomita 7 uliojengwa katika karne ya 12 na watawala Waislamu waliotoka Morocco. Katika karne ya 19, hasa baada ya mapinduzi ya 1868, karibu wote ulibomolewa ili mji upanuke. Mgeni aliyeketi juu ya basi anazunguka ukuta ambao haupo tena.

Kilichouzaa mji huu ni mto. Guadalquivir ni Kiarabu, wadi al-kabir, yaani mto mkubwa, na meli za baharini huupanda mpaka Sevilla, zaidi ya kilomita 80 kutoka Atlantiki. Msikilizaji wa Kiswahili hatangoja kufasiriwa kila jina, maana Kihispania na Kiswahili vilichota katika kisima kimoja. Alcázar ni kasri. Alcalde, ambaye leo ni meya, ametokana na kadhi. Azúcar ni sukari. Warumi waliuita mji huo Hispalis; Waislamu walipouteka mwaka 712 wakauita Ishbiliya, na humo ndimo lilimotoka jina la sasa. Mto huohuo ulileta pia maadui: mwaka 844 Wavikingi waliupanda kwa merikebu zao na kuupora mji.

Torre del Oro, maana yake Mnara wa Dhahabu, ulijengwa mwaka 1220 na 1221 kuulinda mto. Una pande 12. Watu wengi hudhani uliitwa hivyo kwa ajili ya dhahabu ya Amerika, lakini jina hilo lilikuwapo kabla ya Christopher Columbus kuzaliwa. Juu kidogo ya hapo lilikuwapo daraja la mashua zilizofungwa pamoja, lililowekwa mwaka 1171, na kwa daraja hilo mji ulipata chakula kutoka Triana, ng'ambo ya mto. Fernando III wa Castilla alipouzingira mji, jemadari wake wa majini, Ramón de Bonifaz, alilivunja daraja kwa meli zake. Njaa ikaingia, na tarehe 23 Novemba 1248 mji ukasalimu amri. Waislamu wengi walilazimika kuhama, wengine wakaenda Granada na wengine wakavuka bahari kwenda Afrika Kaskazini.

Ukingo huu wa mto ulipata utajiri wake mkubwa baada ya 1503, ilipoanzishwa Casa de Contratación, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Hispania na Amerika. Fedha za migodi ya Meksiko na Peru zilishushwa hapa. Ferdinand Magellan aling'oa nanga hapa tarehe 10 Agosti 1519 akiwa na meli 5. Mwaka 1522 ilirudi moja tu, Victoria, chini ya Juan Sebastián Elcano, ikiwa na mabaharia 18, baada ya kuizunguka dunia. Utajiri huo haukudumu. Tauni ya 1649 iliua karibu nusu ya wakazi, mchanga ukaziba njia ya meli kubwa, na mwaka 1717 ofisi ikahamishiwa Cádiz. Zilizobaki ni karatasi: mwaka 1785 Mfalme Carlos III aliamuru nyaraka zote za Amerika zikusanywe katika jengo la zamani la wafanyabiashara, na mpaka leo wanaoandika historia ya bara hilo hufika humo.

Kutoka mtoni, mabasi huelekea Plaza de España, uwanja wa nusu duara uliosanifiwa na Aníbal González kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1929, ambayo Hispania iliyaandaa pamoja na nchi zilizokuwa makoloni yake. Chini ya ukuta wake wa matofali kuna vibaraza 48, kila kimoja na mkoa wake, na kila kimoja kimepambwa kwa vigae vya rangi vyenye ramani na tukio la kihistoria. Familia za Kihispania hupita zikitafuta mkoa wa kwao, watoto wakapanda benchi, picha ikapigwa. Vigae huitwa azulejo, neno la Kiarabu tena, na vingi vilichomwa katika tanuri za Triana, mtaa wa wafinyanzi ng'ambo ya mto. Huko huvukwa kwa daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1852. Kabla ya hapo, kwa karibu miaka 700, watu walikanyaga daraja la mashua, lililorudishwa baada ya mzingiro ule.

Kisiwa cha Cartuja, kinachofuata, kilikuwa na monasteri, kisha kiwanda cha vyombo vya kauri, kisha Maonyesho ya Dunia ya 1992. Maonyesho hayo yaliiletea Sevilla treni ya kwanza ya mwendo kasi nchini, kutoka Madrid, na reli iliyokuwa imeutenga mji na mto ikaondolewa.

Upande wa kaskazini, Macarena, ukuta unaonekana hatimaye. Kipande kirefu kimesalia na minara yake, cha udongo, chokaa na changarawe vilivyoshindiliwa kati ya mbao. Ni hapa abiria anapofahamu alichokuwa akikizunguka. Mbele zaidi, kwenye barabara hiyohiyo ya mzunguko, pana kanisa dogo la undugu wa kidini unaoitwa Los Negritos, ambao asili yake ni mwishoni mwa karne ya 14, askofu mkuu Gonzalo de Mena alipowahudumia Waafrika wa mji huo. Katika karne ya 16 Sevilla ilikuwa miongoni mwa miji ya Ulaya yenye watumwa wengi zaidi, na wengi wao walitoka Afrika Magharibi. Undugu huo ungali hai, na huandamana kila Wiki Takatifu. Kanisa hili linastahili kushukiwa, hata kama wengi hulipita.

Mengine yote ni ya kutembelewa kwa miguu. Msikiti mkuu ulioanza kujengwa mwaka 1172 ulibomolewa katika karne ya 15 kupisha kanisa kuu, lakini mnara wake, Giralda, uliachwa na kuongezewa chumba cha kengele mwaka 1568. Ndani hakuna ngazi mpaka karibu na kilele. Kuna miinuko 35 inayozunguka, mipana ya kutosha mwadhini kupanda juu ya mnyama. Ua wa kutawadhia nao umebaki, umepandwa midanzi. Madanzi huiva kipindi cha baridi, yakaning'inia mitaani kote bila mtu kuyachuma ale, kwa kuwa ni machungu.

Mkabala na kanisa kuu ni Alcázar. Jumba lake zuri kuliko yote halikujengwa na Mwislamu, bali na mfalme Mkristo, Pedro I, kuanzia mwaka 1364, kwa mikono ya mafundi wa Toledo na wengine waliotumwa na rafiki yake, sultani wa Granada. Kuta zimeandikwa kwa Kiarabu. Pedro mwenyewe ameitwa humo sultani, na kwenye uso wa jumba limerudiwarudiwa tamko la kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Ghorofa ya juu ya jumba hilo bado hutumiwa na mfalme wa Hispania afikapo Sevilla.