Nyumba ya ndoa (Tanzania)

Nyumba ya ndoa ni makazi ambamo mume na mke huishi pamoja. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mmoja wao kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo.

Mahakama inapotoa talaka, inaweza kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, ikiwemo nyumba, kwa kupima mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Hata hivyo, mrufani mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu ilionekana alitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia.