Mwenye Baraza ni Nani? Dubai na Historia ya Kuendesha Michezo ya Mtandaoni

Anayetunga mchezo wa kompyuta wa mchezaji mmoja hufanya kazi inayofanana na ya mwandishi wa riwaya: humaliza, huikabidhi, huhamia kazi nyingine. Anayetunga mchezo wa mtandaoni wa kuchezwa na maelfu kwa pamoja hana bahati hiyo. Yeye hufungua baraza, na siku ya kulifungua ndipo shughuli inapoanza. Atapokea wageni asiowajua, ataamua magomvi, atafukuza matapeli, na usiku taa ikizimika ataamshwa yeye. Makala haya yanafuatilia jinsi watengenezaji walivyolijua jambo hilo hatua kwa hatua, kisha yanaitazama Dubai, mji ambao umejipatia nafasi katika historia hii kwa njia inayotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili.

Mwanzo ulikuwa chuoni. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika programu iliyoitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Haikuwa na picha; kila kitu kilikuwa maandishi. Lakini watu kadhaa waliweza kuwa mahali pamoja pa kubuni, kila mmoja akiwa mbele ya mashine yake. Baada ya miaka mingi ya kuwatazama wachezaji, mwaka 1996 Bartle alichapisha makala iliyowagawa katika makundi manne: wanaosaka mafanikio, wanaopenda kuchunguza, waliokuja kuzungumza, na wanaofurahia kuwasumbua wenzao. Uzito wa hoja yake haukuwa katika orodha hiyo, bali katika uhusiano wa makundi. Wasumbufu wakizidi, wazungumzaji huondoka; wazungumzaji wakiondoka, mchezo hubaki uwanja mtupu. Kwa hiyo mwendeshaji hupima uzani kila siku, kama anayepika chakula cha watu wenye ladha nne tofauti katika sufuria moja.

Somo la pili lilitoka Marekani. Mwaka 1986 kampuni ya Lucasfilm ilikuwa ikiujaribu mchezo wa Habitat, uliochezwa kwa kompyuta za Commodore 64 kupitia simu za mezani. Waliousimamia, Chip Morningstar na F. Randall Farmer, walisimulia baadaye kisa ambacho bado hurudiwa. Ndani ya mchezo mlikuwa na mashine za kuuza bidhaa na mashine za kununua vitu vilivyotumika. Bila wasimamizi kutambua, mashine moja iliuza wanasesere kwa sarafu 75, na nyingine, upande wa pili wa mji, ikawanunua kwa sarafu 100. Wachezaji wachache waligundua, wakashinda usiku wakinunua huku na kuuza kule, kisha wakahamia bidhaa ghali zaidi yenye kasoro ileile. Kulipokucha, fedha zote za mji ule wa kubuni zilikuwa zimeongezeka takribani mara tano. Cha kufurahisha ni kwamba matajiri hao wapya walizitumia fedha zao kuandaa mashindano ya kutafuta hazina, na wenzao wakayafurahia. Morningstar na Farmer walihitimisha kwamba mji wa watu halisi, hata ukiwa wa kubuni, haupangiki wote kutoka juu. Msimamizi hana budi kuwatazama watu wanakokwenda, kisha awajengee njia huko.

Masomo hayo yalipatikana Ulaya na Marekani, ambako seva na wachezaji walikuwa karibu. Ghuba ilikuwa na tatizo la ziada: umbali. Mwanga ndani ya mkongo wa kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dubai hadi London ni kama kilomita 5,500 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi kunachukua milisekunde 55 hata kabla ya kuhesabu mizunguko ya mikongo baharini na vituo vya njiani. Katika mchezo wa kulengana bunduki, mchezaji wa mbali huuawa na adui ambaye bado hajamwona. Hapa ufundi wa mtunzi haumsaidii sana. Seva lazima isogezwe.

Na mikongo yenyewe hukatika. Mwishoni mwa Januari 2008 mikongo miwili ilikatika karibu na Alexandria, Misri, na tarehe 1 Februari mkongo wa FALCON ukakatwa na nanga ya meli iliyotelekezwa, kilomita 56 kutoka Dubai. Intaneti ya Ghuba na Asia ya Kusini ikayumba. Tangu hapo mambo yamebadilika. Mwaka 2019 Microsoft ilifungua vituo vya data Dubai na Abu Dhabi, na Amazon ikafungua chake Bahrain, kisha ikafungua kingine katika Falme za Kiarabu mwaka 2022. Mtengenezaji sasa anaweza kukodi seva jirani na wachezaji wake.

Hata hivyo, kampuni iliyofanikiwa sana kutoka Dubai haikungoja seva hizo. Yalla ilianzishwa mwaka 2016 na Yang Tao, Mchina aliyekuwa amefanya kazi Ghuba, ikaanza na vyumba vya kuzungumza kwa sauti. Mwaka 2018 ikatoa Yalla Ludo, programu ya ludo na dhumna ambamo wachezaji huongea huku wakicheza. Mfano wake ulikuwa majlisi, ukumbi wa maongezi wa Waarabu. Tarehe 30 Septemba 2020 kampuni hiyo iliingia katika soko la hisa la New York na kukusanya dola milioni 139.5. Ukiwasoma Bartle na Yalla pamoja, siri inaonekana. Ludo huchezwa kwa zamu, kwa hiyo milisekunde 200 hazimdhuru mtu. Na maongezi, ambayo kwingine ni kiungo cha mchezo, hapa ndiyo chakula chenyewe. Waliwajengea nyumba wale wa kundi la tatu.

Jirani yake Abu Dhabi kuna mfano wa aina nyingine. Seth Robinson, mtunzi wa Legend of the Red Dragon wa mwaka 1989, mchezo wa enzi za kupiga simu kwa modemu, alishirikiana na Mike Hommel kutengeneza Growtopia, uliotoka kati ya 2012 na 2013. Humo wachezaji hupanda, hujenga, na hufanya biashara wao kwa wao. Watu wawili walijikuta na mji mzima mikononi. Mwaka 2017 Ubisoft iliununua, na uendeshaji ukakabidhiwa studio yake ya Abu Dhabi. Tazama kilichouzwa: mchezo ulikuwa umeshatungwa zamani, na walichokabidhiwa wanunuzi ni baraza lenye watu ndani. Kulilinda baraza la namna hiyo ni ajira inayojitegemea, na Ghuba inaitaka. Novemba 2023 Dubai ilitangaza mpango wa michezo ya kompyuta unaolenga ajira mpya 30,000 kufikia 2033.

Sisi tuko wapi? Mkongo wa TEAMS, uliofika Mombasa mwaka 2009, umeanzia Fujairah, katika Falme hizohizo za Kiarabu. Majahazi yalikuja kwa njia hiyo kwa karne nyingi yakifuata pepo za kaskazi na kurudi kwa kusi; sasa data hupita huko kila sekunde bila kungoja pepo. Michezo ya majlisi nayo si migeni kwetu: dhumna, karata, keram na ludo huchezwa vibarazani kuanzia Lamu hadi Kilwa, na bao lina mafundi wake. Kampala, Kola Studios ilishaigeuza karata ya matatu kuwa mchezo wa simu. Kutengeneza, basi, tunaweza.

Swali gumu ni la kuendesha, na hapo wanafunzi wa Kiswahili wana la kusema. Chukua mashabiki wa Simba na Yanga, watani wa jadi. Mmoja anamwita mwenzake utopolo, naye anajibiwa makolo, kisha wote wawili wanacheka na mchezo unaendelea. Msimamizi asiyejua utani anaweza kuwafungia wote wawili. Msimamizi huyohuyo anaweza kuliacha tusi zito lipite kwa kuwa limefichwa ndani ya fumbo la maneno ya adabu, ustadi ambao pwani yetu inao tele. Hakuna kamusi inayomaliza tatizo hilo, maana tofauti ya utani na tusi haimo katika neno. Imo katika uhusiano wa wasemaji, mahali na wakati.

Bartle alionya kwamba wazungumzaji ndio huondoka kwanza baraza linapoharibika. Baraza la Kiswahili likisimamiwa na asiyeelewa linalosemwa, litaharibika kwa njia mbili kwa mpigo: wastaarabu watafukuzwa kwa utani wao, na wajeuri watabaki kwa mafumbo yao. Isimujamii tunayosoma darasani, pamoja na utani, mafumbo, lahaja na rejesta zake, ni ujuzi ambao waendeshaji wa michezo hiyo watauhitaji siku wakiamua kutufungulia baraza. Heri wakute tumeshaandika kanuni za baraza hilo, kwa lugha yetu, kabla hatujaandikiwa na wasiotujua.